Alama Juu ya Wimbo wa Chokaa

Likasi asubuhi haina haraka. Moshi wa makaa unatoka nyumba moja, unaingia kwa jirani, unarudi. Ukungu unalala juu ya vilima kama mtu asiyetaka kwenda kazini. Wafanyakazi wanapita ndani ya ukungu ule, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli. Kengele ya baiskeli unaisikia kwanza, mtu unamwona baadaye. Mwezi wa kumi ukifika, maua ya jakaranda yanaanguka, na barabara inalala chini ya rangi ya zambarau. Watu wanakanyaga taratibu, na hawajui kwa nini.

Saa ile Mama Philomène yuko tayari sokoni. Ni mjane wa miaka sabini na kidogo. Anauza samaki wa ziwa Tshangalele. Samaki wanafika kwa taxi-bus, ndani ya vikapu, wamekaushwa kwa moshi. Yeye anawapanga juu ya meza, vichwa upande mmoja, mikia upande mwingine. Na akipanga, anaimba.

Wateja wake hawatafuti meza kwa macho. Wanafuata sauti.

Wimbo anaoimba ni wa baba yake, Papa Stanislas. Papa Stanislas alifanya kazi Kakontwe, pale wanapovunja mawe ya chokaa. Jioni alirudi mweupe. Nywele nyeupe, kope nyeupe, viatu vyeupe. Mtoto wake mdogo alimwona mlangoni na kukimbia chini ya kitanda. Papa Stanislas akacheka mpaka akakohoa, halafu akatunga wimbo:

*Chokaa, umenivika nguo nyeupe,*
*mtoto wangu ananikimbia.*
*Mama, mwambie mtoto asiogope,*
*ni baba, anarudi nyumbani.*

Mtoto yule wa chini ya kitanda alikuwa Philomène.

Wenzake Papa Stanislas wa kazini waliuimba njiani. Halafu wake zao waliuimba. Halafu ukaingia kwenye vilio, yaani matanga, kwa sababu maneno yale, "anarudi nyumbani", yalifaa pia kumsindikiza mtu aliyekufa.

Papa Stanislas alikufa mwaka 1969. Siku ya kumaliza kilio, familia ilikaa kugawa vitu vyake. Kwa desturi yao, vitu vya marehemu vinakwenda kwa watoto wa dada zake. Baiskeli ikaenda kwa mmoja. Koti likaenda kwa mwingine. Kitanda, redio, jembe, vyote vikaisha. Akabaki mpwa mmoja, François, mikono mitupu.

Wazee wakatazamana. Ilikuwa aibu.

Mzee mmoja akasema, "François na yeye apate mwimbo ya chokaa. Mwimbo ni kintu kikubwa."

Watu wote wakapiga makofi. François akasimama, akaimba pale pale, na machozi yakamtoka. Tangu siku ile watu wakasema: wimbo wa chokaa ni wa François. Hakuna aliyeona ubaya, maana kila mtu aliendelea kuimba kama kawaida.

François naye alizeeka, akafa. Mtoto wake Germain ana duka dogo karibu na soko. Anapiga fotokopi, anachapa mialiko ya arusi, na anajua kuchora vizuri sana. Mwaka 2024 alitengeneza kitabu kidogo cha nyimbo za vilio vya Likasi. Alizunguka na simu yake, akarekodi akina mama wakiimba. Alipanga sauti nne za kwaya. Alichora picha. Kitabu kilipendeza.

Wimbo wa kwanza ndani ya kitabu ulikuwa wa chokaa. Chini yake aliandika: *Mtunzi: François*. Na nyuma ya kitabu aliweka alama, herufi C ndani ya duara, na mwaka, na jina lake. Kisha maneno haya: *Haki zote zimehifadhiwa. Ni marufuku kuimba, kuandika ao kunakili bila ruhusa.*

Taabu ilianzia pale.

Orpa ni binti wa Mama Philomène. Anaongoza kwaya ya akina mama parokiani. Kwaya ilikuwa inajitayarisha kwa misa ya wafu, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Mama Philomène alikuwa ameomba neno moja tu. Alitaka wimbo wa baba yake uimbwe siku ile, na jina la baba yake litajwe. Alisema hajui kama mwaka mwingine atakuwa na miguu ya kupanda ngazi za kanisa.

Basi Orpa akaenda dukani kwa Germain.

"Yambo, yaya Germain," alimsalimia, kama mtu anavyomsalimia kaka yake mkubwa.

"Yambo, Orpa. Mama iko namna gani?"

"Iko muzima. Anakusalimia. Nataka unipigie fotokopi ya mwimbo ya nkambo Stanislas, ya chokaa. Tuko bamama makumi mbili."

Germain akaacha kukata karatasi. Akachukua kitabu, akakigeuza, akaweka kidole nyuma.

"Soma pale."

Orpa akasoma. Akasoma tena. "Hii ni nini? Maneno ya nani hii?"

"Haiko maneno ya muntu. Ni sheria. Ukiona C mu duara, kintu iko na mwenyewe. Papa yangu alipewa ile mwimbo mbele ya bantu bote. Mama yako alikuwa pale, muulize."

"Tunajua alipewa. Alors, hatuimbe tena?"

"Mutaimba. Lakini mukuje kwanza familia yote, muombe. Na mu kanisa museme: François njo yeye alitunga."

"François hakutunga!"

"Alipewa."

"Yaya, kupewa mutoto ya muntu haiko kumuzaa!"

Mteja mmoja akacheka karibu na mlango. Germain hakucheka. Alikunja mikono.

"Orpa, siko na ubaya na weye. Papa yangu hakupata baiskeli, hakupata koti, hakupata hata jembe. Alipata ile tu. Na weye unataka nimunyanganye?"

Orpa alitoka na kitabu kimoja mkononi, akampelekea mama yake.

Mama Philomène alisoma polepole, kwa kidole. Alipofika kwenye alama, kidole kikasimama.

"Hii ni kama jicho," alisema. "Inaniangalia."

"Mama, achana nayo. Ni Germain tu huyu. Ule ulimubeba mu mugongo."

"Germain ninamujua. Karatasi siijui." Mama akafunga kitabu. "Papa yangu alifanya kazi miaka mingi kwa bazungu. Alikuwa anasema, kintu yenye kuandikwa, usishindane nayo. Kama sheria imefunga, imefunga."

Kesho yake alipanga samaki, vichwa upande mmoja, mikia upande mwingine. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Wateja walipita mbele ya meza wakiangalia huku na huku, kama watu waliopotea katika mji wanaoujua. Samaki wengi walirudi nyumbani.

Akaanza kuota. Ndoto ilikuwa ile ile. Barabara ya Kakontwe, nyeupe, na jua jeupe. Baba yake anakuja, anatembea bila kufika. Anafungua kinywa. Sauti haitoki, ila vumbi laini la chokaa, linaelea, linashuka juu ya nyumba zote za Likasi, na watu wanatoka milangoni, wanaangalia juu, hakuna anayesema neno. Mama Philomène akiamka, anakaa kitandani na kugusa koo lake.

Kwaya nayo iliacha wimbo. Orpa alichagua mwingine. Akina mama waliimba ule mwingine kama wanaosoma tangazo.

Sasa kuna mwanamke mmoja, jirani, anaitwa Providence. Anafanya kazi katika redio moja ndogo ya mji. Yeye ndiye anayepanga nyimbo za vipindi, na anawajibika kwa ofisi ya haki za watunzi: wimbo gani umepigwa, wa nani. Mambo ya haki za nyimbo ni kazi yake ya kila siku. Na anapenda samaki.

Mchana mmoja mvua ya kwanza ilipiga mabati ya Likasi. Providence akaingia kwa Mama Philomène mbio, na kikapu juu ya kichwa.

"Mama, unataka nife na njaa? Leo nilipita meza yako mara mbili. Nilikuwa natafuta sauti!"

"Sauti imefungwa, mwanangu," alijibu Mama Philomène.

"Koo inauma?"

"Hapana. Sheria."

Orpa akaleta kitabu na kukitupa juu ya meza. Alieleza yote: kilio cha mwaka 1969, makofi, François, Germain, jicho la nyuma ya kitabu. Alieleza kwa hasira, na mvua ikawa inamjibu juu ya bati.

Providence alisikiliza mpaka mwisho. Akaangalia alama, akatabasamu.

"Mama, ukipeleka sufuria mu kilio, unaandika nini chini yake?"

"Jina yangu. Na rangi ya kucha. Juu sufuria zisichanganyikane."

"Bon. Na sufuria yenye haina jina, ni ya nani?"

"Ya mwenyewe tu. Iko moja yangu, rangi iliisha kutoka. Lakini uiguse, utaniona!"

"Voilà. Na minye nikienda ku jikoni ya parokia, niandike *Providence* chini ya sufuria kubwa ya bote. Inakuwa yangu?"

Orpa akacheka kwa mara ya kwanza siku zile. "Bamama batakupiga na mwiko!"

"Basi hii alama ni ile rangi ya kucha. Inasema: minye nadai hii, jina yangu ni hii, mwaka ni hii. Ni tangazo. Haimupe muntu kintu chenye hakukuwa nacho. Na kazi yenye haina alama, usiseme haina mwenyewe. Sheria yetu haiulize alama. Siku muntu anatunga, ile siku ni yake."

Mama Philomène akasogeza kiti. "Na kama mutunzi amesha kufa?"

"Sasa sikia vizuri, Mama. Mutunzi akiwa muzima, kazi ni yake. Akikufwa, haki inabakia kwa ndugu zake miaka hamsini. Mwaka ya kifo hatuihesabu. Tunaanza na ile yenye kufwata. Miaka hamsini ikiisha, kazi inatoka mu mikono ya familia, inaingia mu mikono ya bote. Mu Kifaransa banasema *domaine public*. Sisi tuseme mali ya bote."

"Papa alikufa mwaka ya elfu moja mia tisa sitini na tisa. Imeandikwa ku musalaba yake."

"Anza sabini."

Orpa akahesabu kwa vidole, miaka kumi kila kidole. Sabini hadi sabini na tisa, themanini, tisini, elfu mbili, elfu mbili na kumi. Mkono mmoja ukajaa. Akaangalia mkono wake. "Imeisha 2019."

"Njo vile. Bonane, siku ya kwanza ya 2020, mwimbo ya chokaa ilikuwa ya bote. Hakuna muntu alipiga ngoma. Hakuna muntu alitangaza. Ilifungua mulango, ikatoka inje."

Orpa akafungua mlango. Mvua ilikuwa imepungua. Nje, maji yalikuwa yanachukua maua ya jakaranda, yanayapeleka chini kwenye mfereji, polepole. Mtu angesema wimbo ule ulikuwa unatembea huko nje miaka yote hiyo, unapita kwenye madirisha ya watu, bila mtu kuuita.

"Kwa hiyo Germain ni mwizi," alisema Orpa.

"Hapana! Usikimbilie. Michoro ni ya Germain. Sauti ine alizipanga yeye. Maelezo ya mbele ni yake. Kwa ile kazi alama yake ni ya kweli. Kupiga fotokopi ya kitabu yake bila kumuuliza, ile ni kosa. Lakini mwimbo yenyewe, ile Mama iko nayo mu kichwa, ile hawezi kuifunga. Kitabu mpya juu ya mwimbo ya zamani haifanye mwimbo ya zamani ikuwe mpya."

"Na jina?" Mama Philomène aliuliza kwa sauti ndogo. "Ameandika François."

"Jina haiishe, Mama. Ile miaka hamsini ni ya ruhusa na ya faida. Familia inaweza kugawanya ruhusa na faida. Jina ya mutunzi haigawanywe mu kilio kama jembe. Hata ipite miaka mia, mutunzi ni Stanislas."

Mama Philomène akaweka mikono yote miwili juu ya kitabu. Halafu, bila kuambiwa, akaanza kuimba.

Sauti ilitoka na kutu kidogo. Beti ya kwanza, nguo nyeupe. Beti ya pili, tanuri linalokula mawe na kutapika unga. Providence alikuwa anaimba pamoja naye, chini chini. Lakini beti ya tatu ilipoanza, Providence akanyamaza:

*Miti ya Tshangalele yasimama majini,*
*majani yalikwenda, hayajarudi.*
*Baba, ulisimama hivyo katika chokaa,*
*simama kidogo, ninakuja.*

"Mama, subiri. Ku redio tuko na ile mwimbo. Bantu ya kazi baliimba zamani sana. Iko na beti mbili. Hii ya tatu inatoka wapi?"

Mama Philomène akaangalia chini, kama msichana aliyekamatwa anaiba sukari.

"Ile... ile ni maneno tu."

"Maneno ya nani?"

"Ya kwangu."

"Mama!" Orpa akashika kichwa. "Haujaniambiaka!"

"Haujaniulizaka. Bwana yangu alikuwa amesha kufa. Nilienda Tshangalele mara ya kwanza kununua samaki. Nikafika mapema, pirogi za bavuvi hazijarudi. Nikaona ile miti yenye maji ilimeza. Imekauka, imesimama mu ziwa, kama bantu yenye kungojea taxi-bus yenye haiwezi kufika. Nikaimba. Kisha nikaimba mu kilio moja, bamama bakashika. Basi."

"Na Germain ameiandika hapa," alisema Providence. Alikuwa amefungua ukurasa. "Beti ya tatu, neno kwa neno. Mama, hii haiko ya bote. Hii ni yako. Mpaka ufe, na miaka hamsini kisha, kwa Orpa na batoto yake."

"Yangu? Minye muuza samaki?"

"Sheria haiulize unauza nini."

"Lakini sikuweka ile jicho."

"Sufuria yako yenye rangi iliisha kutoka, ni ya nani?"

Mama Philomène alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Orpa akampigapiga mgongoni.

Jumapili baada ya misa walikwenda wote watatu kwa Germain. Germain aliwaona wanakuja na akasimama mlangoni, ameweka mikono kiunoni.

"Ah, tantine mwenyewe, dada ya papa! Na redio pia! Munaleta na polisi?"

"Polisi iko nyuma, inafunga viatu," alisema Mama Philomène. "Nipe kiti kwanza."

Germain akampa kiti. Providence akaeleza taratibu, kama alivyoeleza siku ya mvua. Germain alisikiliza, uso umefungwa. Providence alipofika kwenye miaka hamsini, Germain akachukua kalamu, akahesabu mwenyewe kwenye kipande cha karatasi. Akahesabu mara ya pili. Akaweka kalamu.

"Kwa hiyo papa yangu hakupewa kintu. Bazee balimudanganya."

"Hapana," alisema Providence. "Ile siku familia iliweza kugawa. Lakini kila haki iko na mwisho. Iliishia 2019. Na jina haikukuwa ndani ya mugao tangu siku ya kwanza."

"Bon." Germain alitoa pumzi. "Bon. Kama ni ya bote, basi na minye niko ndani ya bote. Nitachapa, na hakuna wa kuniuliza."

"Beti mbili, eyo. Uandike jina ya Stanislas, upite ku ofisi ya haki za batunzi ujue utaratibu yabo, na uchape. Lakini ya tatu, hapana."

"Ya tatu iko na nini? Nilirekodi mu kilio. Haikukuwa na alama, haikukuwa na jina. Nilijua ni ya nkambo, ni ya bure."

"Nkambo alikufwa hajaona ile miti," alisema Orpa. "Mutunzi ya ile beti unamuona. Umemupa kiti."

Germain akageuka taratibu. Alimwangalia Mama Philomène, mikono yake iliyonuka moshi wa samaki, kikwembe chake cha Jumapili.

"Tantine? Ni weye?"

"Ni minye."

"Ile beti... Ile njo bantu banapenda kupita zingine. Nilichora ile miti ku mufuniko ya kitabu. Miezi mbili nilichora ile miti!"

"Na uliichora mubaya," alisema Mama Philomène. "Miti ya Tshangalele haina matawi mingi vile. Ulishafika kule?"

"Hapana, tantine."

"Ndiyo maana."

Hata yule mteja wa mlangoni, maana siku zote yuko mteja mlangoni kwa Germain, alipiga goti kwa kucheka. Lakini Germain alikuwa amekaa chini juu ya bunda la karatasi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilitaka tu papa yangu akuwe na kintu," alisema. "Hakuna mahali jina yake imeandikwa. Hakuna."

Mama Philomène aliinama, akashika mkono wake.

"Sikia, mwanangu. Siku ile ya kumaliza kilio, papa yako alisimama akaimba. Nilikuwa musichana, nilikuwa nyuma ya mulango. Hakuna muntu, hata papa yangu mwenyewe, aliimba ile mwimbo vile. Andika ile. Andika: *Stanislas alitunga, François aliimba.* Ile ni ukweli, na hakuna sheria inaikataa. Beti yangu nakupa ruhusa. Uiweke mu kitabu yako. Lakini uniulize, na uandike jina yangu."

Germain alisimama. Alifuta macho kwa mkono wa shati. Halafu akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayesoma katika misa:

"Tantine Philomène, nakuomba ruhusa ya kuchapa beti yako ya tatu."

"Nakupa."

"Na minye," alisema Orpa haraka, "yaya Germain, nakuomba ruhusa ya kupiga fotokopi ya sauti ine. Tuko bamama makumi mbili, na hatujue kuimba ile yako bila karatasi."

Germain akawasha mashine. "Nakupa. Na usikunje karatasi zangu."

Germain alibadilisha kitabu. Chini ya wimbo wa kwanza aliandika: *Beti ya kwanza na ya pili: Stanislas. Kazi hii sasa ni mali ya wote. Beti ya tatu: Philomène, kwa ruhusa yake.* Kisha mstari mmoja juu ya François, aliyeimba siku ya kumaliza kilio. Nyuma aliacha alama yake, lakini maneno yalikuwa mengine: *Michoro, maelezo na mpangilio wa sauti ni vya Germain.* Neno "marufuku kuimba" alilitoa.

Siku ya misa ya wafu, Orpa alitaja majina mawili kabla ya kuimba, la babu yake na la mama yake. Akina mama ishirini wakaanza polepole. Walipofika kwenye "ni baba, anarudi nyumbani", kanisa lote lilikuwa linaimba, na hakuna aliyekuwa na karatasi isipokuwa kwaya. Mama Philomène alipanda ngazi kwa miguu yake. Hakuimba. Alikaa kwenye benchi, macho yamefungwa, akaachia wengine waimbe.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Tshangalele kununua samaki. Germain alikwenda naye, na penseli zake. Alitaka kuchora mfuniko wa kitabu upya.

Walifika mapema. Ziwa lilikuwa la kijivu, na mbingu ya kijivu, hukujua kimoja kinaishia wapi. Miti ilisimama majini, mbali, mikavu, bila matawi mengi. Ndege mweupe alikuwa juu ya mmoja. Pirogi zilikuwa bado ndani ya ukungu, sauti za wavuvi tu ndizo zilizofika ufukweni, bila watu wenyewe.

Germain akachora. Mama Philomène alikaa juu ya kikapu kitupu, akiangalia maji. Baada ya muda akaanza kuimba, mdomo umefungwa. Halafu maneno yakatoka, moja moja, katika sauti ya wimbo wa chokaa. Yalikuwa maneno mapya, hakuna aliyewahi kuyasikia.

Mkono wa Germain ukaacha penseli, ukaingia mfukoni, ukatoka na simu. Kidole kilikuwa kinakaribia kitufe. Kikasimama.

"Tantine," alisema, "naweza?"

Mama Philomène hakugeuza kichwa. Aliinua mkono mmoja kidogo, kumnyamazisha.

"Ngoja kwanza," alisema. "Haijaisha."